Insafu ya Macho

Mtu anayekusudia kulizuru jumba kubwa la makumbusho ya sanaa peke yake, bila ya kiongozi wa kumtembeza, hupewa nasaha zile zile kila anapouliza. Aende asubuhi kabla watu hawajajaa. Aanzie vyumba vya mwisho, kwa kuwa wengi huanzia vya mwanzo. Achague vitu vichache, kumi au kumi na tano, na vilivyobaki avisamehe. Nasaha hizi ni njema, na anayezipuuza huadhibiwa na miguu yake mwenyewe. Lakini hiyo ya mwisho, ya kuchagua na kusamehe, imebeba mas'ala ambayo wenye kuitoa aghalabu hawayagusi. Mtu ana haki gani ya kukipita kitu alichowekewa akitazame? Na anapodhani kwamba anachagua, ni nini hasa kinachomchagulia?

Kwamba lazima achague, hilo halina mjadala. Jumba la Louvre mjini Paris huonesha vitu vipatavyo 35,000. Mgeni atakayekipa kila kimoja nusu dakika tu, bila ya kula wala kuketi, atahitaji zaidi ya saa 290, yaani siku 36 za saa nane nane. Mwaka 2024 waliingia humo watu wapatao milioni 8.7, na mwezi wa Juni 2025 wafanyakazi wake wenyewe waligoma, mojawapo ya malalamiko yao likiwa ni huo msongamano. Hata hivyo umati huo haukutawanyika sawasawa. Sehemu kubwa humiminikia chumba kimoja, kwenye picha ya Mona Lisa, ambayo ni sentimita 77 kwa 53 tu nayo imefungiwa nyuma ya kioo. Watu hao wamekwisha kuiona picha hiyo mara mia, vitabuni na kwenye makopo ya biskuti. Huinua simu juu ya vichwa vya wenzao, hupiga picha ya picha, wakaondoka. Walichokwenda kukifanya ni kuhakikisha kwamba ipo.

Wapenzi wa mashairi wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Aliyewahi kulisoma diwani zima kwa kikao kimoja anakumbuka jinsi vina vinavyoanza kugombana masikioni, shairi la arubaini likamfukuza la thelathini na tisa, hata mwishoni asiweze kusema ni lipi lililomgusa. Shairi moja likisomwa mara tatu humpa msomaji zaidi ya hayo mia yaliyopitiwa. Na katika vitu vya macho mambo ni hayo hayo. Waliokuwa wakiingia Beit al-Ajaib, Unguja, katika miaka yake ya makumbusho, waliukuta uani mtepe ulioundwa mwaka 2003 kwa mfano wa vyombo vya kale. Mwenye haraka aliona chombo, akapita. Aliyesimama aligundua, pengine baada ya dakika nyingi, kwamba anatafuta misumari na haioni. Kwamba mbao zile zimeshonwa kwa kamba tangu mkuku hadi juu, kama mtu ashonavyo nguo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na kuua. Wangapi walikuwa wameviacha vya humo, wakasema watavitazama vizuri safari ijayo?

Mas'ala ya kuchagua, hata hivyo, hupimika vyema zaidi mahali ambapo kisingizio cha wingi hakipo. Mahali hapo papo, mbali na bahari, mkoani Mara. Msafiri atokaye Mwanza huyaacha maji ya ziwa upande mmoja na mbuga ya Serengeti upande wa pili, akaingia Bunda, mji ambao pia hutoa njia ya kwenda Kisorya na kivuko cha Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza. (Wasomaji wa pwani wanaodhani kwamba fasihi nzito ya Kiswahili huishia palipo na minazi wangefanya vyema kukitafuta kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, nacho hakisomeki kwa haraka.) Mbele ya Bunda, huko Makutano, njia hugawanyika, ya Musoma ikishika ziwani na ya Butiama ikielekea vilimani. Huko vilimani, kwenye majabali ya Mwitongo, ipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, mojawapo ya vituo vya Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1999, mwaka ule ule ambao Mwalimu alifariki London, tarehe 14 Oktoba. Ndani zimo picha, zawadi alizopewa na vitu vya maisha yake. Nje, hatua chache, lipo kaburi lake, na ya wazazi wake nayo hayako mbali.

Hapa hapana vitu 35,000. Siku wanafunzi wanapoletwa kwa mabasi vyumba hujaa, lakini siku nyingine mgeni huweza kuzunguka kote kwa saa moja, bila ya kusukumwa na mtu. Kwa hesabu, hana sababu ya kukiacha kitu chochote. Bado ataacha, na atakavyoacha vitamfichua, kwa kuwa safari hii hawezi kusingizia muda wala umati. Moyo wake ndio utakaomwelekeza wapi pa kusimama na wapi pa kupita.

Na moyo wa msomaji wa visiwani, aingiapo nyumba hiyo, si mtupu. Kwa Wazanaki, Mwalimu ni mwana wa mtemi Burito aliyepanda hata akaijaza dunia jina lake. Kwa wengi wa bara ni Baba wa Taifa, basi. Visiwani wapo wanaomtaja kwa shukrani na wapo wanaomtaja kwa uchungu, na si ajabu wote wawili wakala sinia moja. Ichukuliwe picha ile mashuhuri ya kuchanganywa kwa udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964, picha ambayo kila mtoto wa shule ameiona. Mmoja huitazama akaona harusi, mwingine akaona mazishi. Ukiwauliza baadaye chombo kilichomiminiwa udongo kilikuwa cha namna gani, au waliosimama nyuma nyuso zao zilikuwaje, hapana atakayejibu. Kila mmoja aliingia na picha yake kichwani, akaitundika juu ya ile ya ukutani.

Lugha ya pwani ina neno linalofaa hapa: insafu. Aghalabu hutajwa panapozungumzwa hukumu. Kadhi aliyemsikiliza mdai peke yake, kisha kwa bahati akahukumu sawa, hukumu yake huenda ikawa ya haki lakini yeye mwenyewe amekosa insafu. Haidai upendo, wala haidai msamaha. Inadai kwamba kila upande upewe kikao chake kabla ya kalamu kushuka. Ikiwa masikio ya kadhi yanadaiwa hivyo, macho ya mgeni wa makumbusho yana udhuru gani? Basi anayejipangia ziara yake mwenyewe hatoshelezwi na kuvichagua vichache avipendavyo. Katika hivyo vichache avitie kwa makusudi vile ambavyo nafsi yake ingependa kuvipita.

Mpenzi wa Mwalimu, kwa mfano, aingie na mwaka 1974 mkononi. Mwaka huo mkoa huu huu wa Mara ulifikiwa na operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, na kwa wengi haikuwa hiari: waliziacha nyumba na mashamba ya wazee wao kwa amri. Kama kitu cha kuyakumbusha hayo kimewekwa, akisimamie. Kama hakikuwekwa, pengo nalo lina mahali pake ukutani, na mwenye insafu huliona. Na yule aliyekuja na kinyongo, ambaye angependa kuzipita zawadi za wakuu wa nchi huku akiguna, ana lake la kulikabili. Mtu huyu aliyemnunia ndiye aliyeitia tamthilia ya Julius Caesar katika Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, akiwa rais. Akaifuatisha na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima; na Injili alizozitunga upya kwa mtindo wa tenzi zilichapishwa mwaka 1996. Msomaji wa gazeti kama hili anajua kazi ya kupima mizani beti kwa beti, maelfu kwa maelfu. Anaweza kuikataa siasa yote ya mtu huyo, ila kudai kwamba hawana chochote walichoshiriki hawezi.

Hapa huinuka pingamizi, nayo haifai kudharauliwa. Butiama si jumba la sanaa la mji mkuu. Ni kwao mtu, na kaburi lake lipo. Mgeni mwenye adabu hapigi hodi kisha akaanza kuwahoji wenye nyumba juu ya madeni ya marehemu. Watu wa pwani, wenye kuuthamini ukarimu kuliko mali, wataiona pingamizi hii kuwa nzito zaidi kuliko wengine. Lakini adabu ya mgeni katika Kiswahili ina upande wa pili, na aliyeukumbusha kwa sauti kubwa ni Mwalimu mwenyewe, alipoitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Fikra hiyo haikumtoka. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, mwendo mfupi tu kutoka Mwitongo, ikatoa Azimio la Musoma: elimu ya msingi iharakishwe ili iwafikie watoto wote, na mwenye kutaka chuo kikuu atangulize miaka ya kazi kwanza. Sharti hilo la kazi halikudumu, na wako waliolilaumu tangu siku ya kwanza. Lakini dai lililo ndani yake, kwamba anayepokea lazima naye alime, halikufa pamoja nalo.

Sasa, mgeni wa makumbusho hukaa saa moja; siku ya tatu haimfikii kamwe. Akipewa kiongozi, kiongozi humlimia. Pengine kiongozi huyo ni mtu wa mahali pale, ameyasimulia hayo kwa mapenzi miaka na miaka, na masimulizi yake yamelainika kama jiwe la ufukweni: hayana uongo, ila hayana tena pembe za kumkwaruza mtu. Anayeingia peke yake hukabidhiwa jembe mlangoni, atake asitake. Akiliegemeza ukutani akapita anasifu, amewavunjia wenyeji heshima sawasawa na yule aliyepita anabeza, kwa kuwa wote wawili wangeweza kuyasema hayo bila ya kutoka makwao. Kuuliza kwa sauti ya chini, baada ya kutazama, hakujawahi kuwa utovu wa adabu. Ndiyo maana kiongozi huyo hafai kukimbiwa. Afuatwe baadaye, mgeni akishakuwa na maswali yake mwenyewe.

Na jembe linataka kunolewa kabla ya shamba. Wengi hulifikia Butiama wakiwa njiani kwenda kutazama nyumbu, wamejikatia saa moja baina ya Mwanza na Serengeti. Hao hurudi na picha za simu. Ni bora mtu aanzie Musoma, alale usiku mmoja, na asubuhi apite penye shule ya Mwisenge, ambako mwaka 1934 mtoto wa mtemi mwenye wake wengi aliandikishwa akiwa na umri wa kama miaka kumi na miwili, umri ambao watoto wengine huwa wamekwisha kusoma miaka kadhaa. Baina ya shule hiyo na Mwitongo pana mwendo wa kilomita zipatazo 40 na kitu. Aliyeupima mwendo huo, hata kwa gari, akifikiria miguu ya mtoto, hawezi tena kulitazama daftari au kalamu katika sanduku la kioo kwa macho aliyotoka nayo mjini.

Makumbusho yenyewe na ayazunguke mara mbili. Mara ya kwanza simu ikae mfukoni, aende kwa hatua ya kawaida, akiangalia miguu yake inapoharakisha, maana hapo ndipo patakapohitaji kurudiwa. Kisha atoke nje, aende makaburini. Kule hapana kilichochaguliwa wala kilichopangwa rafuni: baba aliyefariki mwaka 1942 kabla hajajua mwanawe atakuwa nani, mama, na mwana. Kama ni mtu wa kunong'ona dua atanong'ona, kama ni mtu wa kunyamaza atanyamaza. Mzunguko wa pili uanzie mlango aliotokea, kinyumenyume, hadi kwenye kile alichokipita kwa haraka asubuhi. Naye asimame hapo, hata kama gari la Bunda limekwisha kupiga honi.