Kura ya Mchuma Pareto

Wako wasemao kwamba haki ya kupiga kura ni kama upanga: asipewe ila ajuaye kuutumia. Usemi huu wavutia. Lakini kabla ya kuukubali, na tuutazame kwa macho ya mwanamke wa Elburgon.

Mwanamke huyo hana jina vitabuni, maana mfano wake walikuwa wengi. Katika zama za ukoloni aliamka kabla ya jua, akaikabili baridi ya Mau, akaenda kuchuma pareto katika shamba la mlowezi. Mwaka 1919 wanawake wa Kizungu wa Kenya walipewa kura. Hivyo bibi mwenye shamba alihesabiwa kuwa na akili ya kuchagua, na kibarua wake hakuhesabiwa. Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi. Mtu mmoja aliweza kupata hata kura 3, na mwingine asipate hata moja. Mwanamke hakukatazwa kwa kuwa mwanamke. Alikatazwa na masharti. Angepataje cheti cha shule asiyopelekwa, au mali asiyorithishwa?

Mizani hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Wanawake wa Marekani walidai kura katika mkutano wa Seneca Falls mwaka 1848, wakaipata mwaka 1920. Hata hivyo, katika majimbo ya kusini wanawake weusi wengi walizuiwa kwa mitihani ya kusoma na kwa kodi ya kura, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipowalinda.

Je, asiyejua kusoma hatadanganywa? Huenda akadanganywa, lakini msomi naye hudanganywa, tena kwa maneno mazuri zaidi. Sheria ya ardhi na ya ujira humwelemea mchumaji kabla ya kumgusa msomi, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elimu humsaidia mtu kuchagua vema. Haimpi utu ambao hakuwa nao. Ikiwa serikali haikumsomesha, kutojua kwake ni deni la serikali, wala si hatia yake. Mdeni hana ruhusa ya kumwadhibu anayemdai.

Wala haki hii haikuja kwa kungojewa. Huko Mombasa, wanawake wa Kiarabu waliachwa nje ya uchaguzi wa mwaka 1957, hali waume na ndugu zao walipiga kura. Mwaka 1958 Bibi Shamsa Muhashamy na wenziwe walipeleka ombi kwa serikali wakidai kura. Hawakuomba hisani, walidai kilicho chao. Mwezi wa Mei 1963, kila mtu mzima wa Kenya, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa asiyesoma, alipewa kura moja.

Msomaji kijana, siku moja utasimama katika foleni ya kupiga kura, na huenda mbele yako akasimama bibi kizee atakayehitaji msaada wa kuisoma karatasi. Usimcheke, wala usidhani kura yako ni nzito kuliko yake. Mpishe kwa heshima. Wewe umeikuta haki hiyo mezani. Yeye aliikuta mlango umefungwa.