Mungu wa Mtihani

Kabla ya KCSE, shule nyingi huandaa siku ya maombi. Wazazi wanafunga safari, mhubiri anapaza sauti, kalamu zinainuliwa juu zibarikiwe. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku siku hizo muhula wa tatu, katika vita dhidi ya wizi wa mtihani. Hebu fikiria: ibada kushukiwa kuwa kichaka cha mwakenya!

Lakini mimi wizi haunisumbui sana. Mtoto anayeombewa A anajifunza nini kuhusu Mungu? Na akipata D, aelewe aje? Kwamba amekataliwa?

CRE na IRE pia zinasahihishwa kwa alama. Unaweza kupata A ya dini na bado umcheke mwenzako aliyekosa karo. Sisemi masomo haya yafutwe. Nasema roho hukua pale pasipo na alama: mwalimu anapoulizwa, "Mbona Mungu alimwacha mamangu afe?" naye asikimbilie jibu, akae na huyo mtoto. Swali hilo Mkristo analo, Mwislamu analo, hata asiye na dini analo.

Shule ikilipa nafasi tangu mwanzo, siku ya maombi itakuwa na la kuombea zaidi ya gredi.