Deni la Kitu cha Bure

Mwezi uliopita nilifuta Ubuntu kwenye laptopu yangu nikaweka Debian. Jioni moja tu, flashi moja, na bando niliyokuwa nimeiweka kwa kazi ya mteja. Jamaa wa saiba hapa Lurambi, ndiye aliyeniwekea hiyo Ubuntu bila kunitoza hata bob, aliangalia skrini akaniuliza, "Kwani tulikukosea nini?" Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka sana.

Sababu yenyewe ni ndogo. Mashine yangu ni ya mtumba, RAM ni GB 4. Tangu toleo la 21.10, mwaka wa 2021, Ubuntu inakuletea Firefox kwa njia ya Snap, na kwa mashine kuukuu kuifungua asubuhi ni kama kungoja matatu ijae. Hata ukiiomba kwa apt, njia ya zamani, bado unapewa ileile Snap. Umeagiza chai, umeletewa uji kwa kikombe cha chai.

Lakini nina haki gani ya kulalamika? Sijalipa kitu. Mark Shuttleworth alianzisha Ubuntu mwaka 2004 kwa pesa zake, akaipa jina linalomaanisha utu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma CD bure kwa posta. Huku kwetu, aliyekupa bure hujamalizana naye.

Najua hilo vizuri. Harambee ya karo yangu ilifanyiwa uwanjani kwetu. Mama mmoja jirani alileta kuku, akapigwa mnada. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Hajawahi kuniuliza. Nikimwona sokoni, navuka barabara.

Kwa hivyo nilipoisoma GPL, leseni ya Linux yenyewe na programu nyingi zinazoandamana nayo, nilitafuta humo msamaha. Inakuruhusu kutumia, kuchungulia ndani, kubadilisha, kugawa. Haikudai ubaki. Inachodai ni kwamba ukimpa mwingine, umpe na uhuru uleule uliopewa wewe. Na ni kweli, huko kuhama si usaliti: Ubuntu yenyewe ilitolewa kwenye Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kisha Mint ikatolewa kwenye Ubuntu. Mimi nimerudi tu kwa mama mkubwa.

Ningependa sana kuishia hapo, niseme hata karo ni hivyo, kwamba deni linalipwa mbele, si nyuma. Ni hoja tamu. Shida ni kwamba aliyeandika programu hanijui sura, wala hakuacha kitu cha chakula cha jioni ili mimi niipate. Yule mama ananijua tangu nikiwa na kamasi. Leseni iliandikiwa watu wasiokutana sokoni.

Jamaa wa saiba aliniomba nimwachie flashi. Kuna vijana wawili wana mashine zimezeeka kama yangu. Nilimwachia. Kuku bado sijamlipa.