Machi ya Italia, Machi ya Malindi

Malindi utamkuta muuza vinyago akishindana bei na mteja kwa Kiitaliano bila kubabaika. Waitaliano walianza kuzoeleka huko miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na baadaye zikaja hoteli, mikahawa na pizza. Pizza nayo inataka oregano, kiungo cha majani. Hapo ndipo kijana wa kisa hiki alipoona riziki.

Alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja, akitazama pakiti za oregano kavu zikifunguliwa na kwisha. Siku moja akapiga moyo konde, akamuuliza mpishi mkuu kama angenunua mbichi. "Lete nione," akajibiwa. Jibu hilo likamtosha. Mjomba wake akamgawia kipande cha shamba kando ya Mto Sabaki, udongo mweusi mzito wa mahindi, na mbegu akapata zilizotoka Italia. Nyuma ya pakiti paliandikwa: panda Machi hadi Mei.

Masika ya Malindi huanza mwishoni mwa Machi na kupamba moto Mei. Majirani walikuwa wameshika majembe, pakiti nayo inasema Machi. Nani angeshuku?

Ila Machi ya kwenye pakiti ilikuwa ya Italia. Oregano asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu. Mkulima wa huko akipanda Machi, anaelekea miezi ya jua na mvua haba. Wa Malindi akipanda Machi, anaelekea maji yanayotuama.

Mbegu zenyewe ni ndogo kama ugoro, na huota vizuri zikipata mwanga. Hunyunyizwa juu ya udongo na kukandamizwa kidogo kwa kiganja. Yeye alizifukia kama kunde. Zikaota chache. Kufika katikati ya Mei majani ya chini yalikuwa ya manjano na mashina yamelegea. Akadhani ni njaa, akazidisha samadi ya mbuzi.

Mzee wa shamba la pili alipopita, kijana akamwamkia shikamoo na kumwonyesha.

"Marahaba. Hebu ng'oa mmoja tuutazame, mjukuu wangu."

Akaung'oa. Mzizi ulikuwa wa kahawia. Mzee akaubana kwa vidole viwili na kuvuta. Ganda lote likavuka likabaki mkononi mwake, na chini ukaning'inia uzi mwembamba unaonuka uvundo.

"Huu haukuwa na njaa. Umekufa maji."

Mwishoni mwa Juni, mvua zilipopungua na kipupwe kuingia, kijana alirudia, safari hii kwa miche. Wakati ulikuwa mzuri. Mkono ndio haukubadilika: samadi tele, maji asubuhi na jioni. Mimea ikanawiri, majani mapana na laini, akafunga fungu akalipeleka jikoni. Mpishi akasugua jani, akanusa. Akasugua la pili. Kisha akamrudishia fungu lake. "Hili ni jani tu, kijana wangu."

Harufu ya oregano imo katika mafuta yaliyo juu ya jani, na mmea ulioshibishwa mbolea na maji hutoa majani mengi yenye ladha hafifu. Tena ziko oregano ambazo kwa asili yake hazina harufu ya kutosha, hata uzitunze vipi. Ndiyo maana mimi ningeziacha mbegu kabisa. Tafuta mmea unaojulikana, tafuna jani lake. Likikuwasha ulimi, omba vipandikizi. Kipandikizi cha sentimita 10, kilichopukutwa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, huanza kushika mizizi katika wiki chache.

Udongo wa mtoni uachie mahindi. Ule wa mawe ya matumbawe, ambao watu wa Pwani huudharau, unaifaa zaidi oregano: mmea wenyewe haukatai chokaa, na humo maji hupita upesi. Kama huna budi kutumia udongo mzito, changanya mchanga na uinue tuta mpaka liguse goti. Chimba shimo, lijaze maji usiku. Asubuhi ukiyakuta bado yamo, tafuta mahali pengine. Ukishapanda, mwagilia udongo ukikauka, si saa ikifika. Januari na Februari, jua la mchana likichoma, kivuli chepesi baada ya adhuhuri kinasaidia.

Kuna jambo jingine ambalo hata mzee hakulitaja. Kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi za Malindi hufungwa au kubaki na wageni wa kuhesabika. Hata kama zao lile la Machi lingepona, lingemfikia nani? Wageni hurejea Julai na Agosti, kisha hufurika Desemba. Kipandikizi cha mwishoni mwa Juni kinapata miezi ya ubaridi kujishikiza kabla ya vuli ya Oktoba, na kufika Desemba kichaka kinaweza kukatwa bila kuumia. Machi ikikaribia, usipande chochote: kata vipandikizi vya kutosha, vitie vyunguni, uvisogeze chini ya upenu masika yasivifikie. Hiyo ndiyo mbegu ya Juni.