Vespa ya Katekista na Swali la Lengo



Katekista wa kigango chetu alikuwa na Vespa kuukuu ya kijani. Sisi watoto tuliisikia kabla hatujaiona, na tuliijua kwa kazi moja tu: kumleta mzee kutufundisha sala. Baadaye, nikiwa nasoma falsafa, nikakutana na historia yake nikashtuka. Kumbe chombo kile kilizaliwa kwenye kiwanda cha ndege za vita!

Kiwanda cha Piaggio kilikuwa Pontedera, katika eneo la Toscana, Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo iliunda ndege za kijeshi, mojawapo ikiwa P.108, ndege ya injini nne ya kubeba mabomu. Kiwanda nacho kikapigwa mabomu, kikabaki magofu. Vita vilipoisha, Enrico Piaggio alikuwa na wafanyakazi wanaohitaji mkate, katika nchi ya watu wasio na hela na barabara zilizobomoka. Ilitakiwa skuta ya bei nafuu. Jaribio la kwanza halikumridhisha, akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye helikopta yake iliweka rekodi mwaka 1930.

Sasa sikia. D'Ascanio hakuzipenda kabisa pikipiki. Zilichafua nguo, na kubadilisha tairi lenye pancha ilikuwa shughuli. Basi akatumia alichokijua. Gurudumu la mbele akalishikilia upande mmoja tu, kama la ndege, ili litoke upesi. Bodi ya bati ikawa ndiyo fremu yenyewe. Injini akaiweka kando ya gurudumu la nyuma, mnyororo ukaondoka na grisi yake. Gia zikahamia mkononi, na mbele pakaachwa wazi ili hata mwenye gauni apande bila tabu. Haki ya ubunifu huo iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Inasimuliwa kwamba Piaggio alipoiona alisema inafanana na nyigu, na nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Kufikia 1956 zilikuwa zimeundwa milioni 1.

Aristotle anatufundisha kuuliza maswali manne juu ya kitu: kimetokana na nini, kina umbo gani, nani kakifanya, na ni kwa ajili ya nini. Pale Pontedera ujuzi ulikuwa ule ule. Swali la nne ndilo lililopata jibu jipya, na umbo likafuata.

Swali hilo lilinigusa mahali panapouma. Mwaka wangu wa kwanza seminarini niliandika utani kwenye grupu letu kuhusu lafudhi ya frateri mwenzangu. Nina kipaji cha maneno, na watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Kwa muda mrefu hakukubali tena kusoma somo kwenye Misa. Niliungama, kisha nikaapa kutoandika tena kitu chochote. Nikaona huo ndio utakatifu. Mlezi wangu wa kiroho akaniuliza, "Frateri, ulimi wako umeutubisha au umeuzika tu?"

Nilikosa jibu. Nabii Isaya, sura ya 2, anapoona siku ya amani, haoni panga zikitupwa shimoni. Anaona zikifuliwa kuwa majembe. Chuma ni kile kile, ila lazima kipite motoni. Nikamwomba mwenzangu msamaha mle mle kwenye grupu, mbele ya wote waliocheka. Moto ndio huo. Alinisamehe, ila hadi leo akisimama kusoma somo, hunitupia jicho kwanza. Ninastahili.

Lakini tusimalize kwa wepesi. Kwanza, Piaggio hakusukumwa na utakatifu. Kulikuwa na njaa na biashara. Pili, katika miaka ya 1950 Wafaransa, waliokuwa wakiunda Vespa kwa leseni, walitengeneza ya askari wa miavuli, ikiwa imebeba mzinga wa milimita 75. Yaani kilichotoka vitani kikarudishwa vitani! Kwa hiyo wongofu haukai ndani ya bati. Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema tendo hupimwa pia kwa lengo lake, na lengo hilo huchaguliwa upya kila asubuhi na mtu mwenye hiari. Maneno ninayowaandikia leo yanaweza kesho kumchoma mwingine, nisipokesha.

Kijana mwenzangu, kipi ulichokitumia vibaya hadi unaona afadhali ukizike? Sauti, akili, simu, urembo, nguvu za mwili? Usikizike. Rekebisha ulichoharibu, kisha kabidhi kitu kile kile kwa kazi mpya.

Tuombe: Ee Bwana, usininyang'anye kipaji nilichokichafua. Kipitishe motoni, unioneshe ni kwa ajili ya nani. Amina.