Uhaini wa Kusamehewa Kanisani

Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza alichoma watu kama 280 wakiwa hai, kati ya 1555 na 1558. Dadake Elizabeth, aliyemrithi na kutawala hadi 1603, aliua Wakatoliki karibu 200, wengi wao mapadri. Mmoja akabaki na jina la Mary wa Damu, hata baa kuna kinywaji cha vodka na nyanya chenye jina hilo. Mwingine anatengenezewa filamu.

Najua utaniambia hesabu. Watu 280 kwa chini ya miaka minne si sawa na 200 kwa miaka 44. Ni kweli, na sitaki kumtetea Mary. (Ingawa waasi wa kaskazini waliosimama dhidi ya Elizabeth mwaka 1569, mamia yao walionyongwa, kwa kawaida hawamo kwenye hiyo 200.) Lakini watetezi wa Elizabeth hawaanzi na hesabu. Wao husema hakuua mtu kwa sababu ya imani. Mary aliua wazushi, Elizabeth aliua wahaini. Mimi nauliza kama tofauti hiyo ina uzito wowote, ama ni jina tu lililobadilishwa kwenye faili.

Tumpe haki yake kwanza. Mwaka 1570 Papa Pius V alimtenga na Kanisa na kuwatangazia raia wake kwamba hawadaiwi utiifu kwake. Mwaka 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waprotestanti kule Uholanzi, alipigwa risasi nyumbani kwake. Hebu jiweke kwenye kiti cha Elizabeth usikie habari hiyo. Hofu yake haikuwa ya kutunga.

Sasa angalia sheria aliyopitisha mwaka 1585. Padri Mwingereza aliyepewa upadri ng'ambo kwa mamlaka ya Papa, akipatikana nchini, ni mhaini. Si lazima uonyeshe alipanga nini wala na nani. Kuwepo kwake tu kunatosha, na anayemficha naye anyongwe. Ila sheria hiyo hiyo iliacha mlango wazi: padri akijisalimisha ndani ya siku tatu baada ya kufika, akala kiapo cha kumtambua malkia kuwa ndiye mkuu wa mambo ya Kanisa, yuko salama. Wengine waliahidiwa uhai wakiwa chini ya kitanzi kabisa, mradi tu wakubali kwenda kanisa la malkia.

Hapo ndipo nakwama. Tangu lini mtu aliyepanga kumuua malkia akasamehewa kwa kuhudhuria ibada ya Jumapili? Kama kukana imani kunafuta kosa, basi kosa lilikuwa imani. Edmund Campion aliiambia korti mwaka 1581 kwamba anamtambua Elizabeth kuwa malkia wake. Akanyongwa, akapasuliwa.

Na usidhani Mary alikuwa mkweli zaidi. Kwa maneno, yeye alisema wazi: uzushi ni uzushi, ukiukana unapona. Basi akaja Thomas Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury (kile kitabu cha sala cha ACK kina mizizi kwake). Cranmer alikana imani yake kwa maandishi, zaidi ya mara moja. Kwa desturi ya wakati huo, hiyo ingemwokoa. Lakini huyu ndiye aliyetangaza mwaka 1533 kwamba ndoa ya mamake Mary ilikuwa batili. Mary akaamua achomwe tu. Machi 1556, pale Oxford, mzee akageuka, akasema anayakana yale makaratasi, na moto ulipowashwa akautangulizia mkono uliotia sahihi. Kwenye faili kuliandikwa uzushi. Deni lilikuwa la kifamilia.

Lakini anayenisumbua kuliko wote ni Margaret Clitherow, mke wa mwenye bucha mjini York. Mwaka 1586 alishikwa kwa kuficha mapadri. Kortini akakataa kujibu shtaka, kwa sababu akijibu kesi ingeendelea na watoto wake wangeitwa kutoa ushahidi. Sheria ilisema anayekataa kujibu apondwe. Wakamlaza chini, jiwe likawekwa chini ya mgongo, mlango juu yake, kisha mizigo juu ya mlango. Ilichukua kama robo saa. Huyu hakuhukumiwa uhaini hata kwa karatasi.

Mumewe, John, alikuwa Mprotestanti na alibaki hivyo. Kwa miaka alikuwa akimlipia mkewe faini za kukosa kanisani, halafu wanarudi nyumba moja, meza moja, watoto wao wakiwa hapo katikati.