Kifungashio na Ajali Yake

Neno ajali, ambalo masikioni mwa wengi siku hizi humaanisha gari lililopinduka, lina maana ya zamani zaidi ambayo wasomi wa dini bado wanaitumia, nayo ni muda aliokadiriwa kiumbe aishi, ambao ukitimia hakuna awezaye kuuongeza. Kwa maana hiyo mtu ana ajali yake, mti una ajali yake, na hata kijito kinachokauka kiangazi kina yake. Linalobaki kuulizwa ni kama vitu vinavyotoka mikononi mwa mwanadamu navyo vinapaswa kukadiriwa mwisho, na kama mtu anayetengeneza kitu kisicho na mwisho amekosea katika ufundi wake tu au amekosa adabu mbele ya Muumba wake. Swali hili limepata uzito mpya tangu vilipoanza kutengenezwa vifungashio vya mwani, yaani vifuko na ngozi nyembamba zinazotokana na majani ya baharini, ambavyo watetezi wake huvisifia jambo moja kuliko yote, kwamba vinaoza.

Kuoza, tukiliangalia jambo kwa karibu, ni kuliwa. Kitu huoza kwa sababu kipo kiumbe, aghalabu bakteria au kuvu, chenye kimeng'enya cha kukikatakata vipande vidogo na kujilisha. Mwani umejengwa kwa minyororo mirefu ya sukari, na mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, ulipoanzia Paje na Jambiani, huchemshwa ili kutoa karajini, ute unaogandisha maziwa na dawa ya meno, na ambao ukikaushwa huweza kuwa karatasi angavu. Minyororo hiyo ya sukari ina walaji wake baharini na udongoni. Plastiki ya kawaida nayo ni mnyororo, lakini wa kaboni iliyoshikana kwa namna ambayo viumbe wengi hawana meno ya kuikata, kwa hiyo jua huivunjavunja ikawa chembechembe, na chembechembe hizo zikabaki plastiki vilevile. Ni karamu iliyoandaliwa bila kualikwa mtu.

Huenda ikaonekana ajabu kulipeleka swali la mwani Tabora, mji ulio mamia ya kilomita kutoka ufukweni, lakini ni vigumu kupata mahali palipoishi na ufungashaji kama njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ikaishia Ujiji. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kilichoingia na kutoka kilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mzigo ulipaswa kufungwa ili uvumilie safari ya miezi. Mtumba, neno ambalo leo limebakia kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa, lilikuwa jina la mzigo wenyewe: majora ya merikani, kitambaa cha pamba, yaliyokunjwa na kubanwa, yakazungushiwa mkeka, yakakazwa kwa kamba pamoja na fito ambazo ncha zake zilichomoza ili mpagazi akipumzika auegemeze mzigo mtini bila kugusa tope. Nafaka, nguo na asali za wenyeji zilikaa katika kilindo, pipa la gome ambalo jina lake linatokana na kulinda. Fundi huchagua mti wa miombo wakati wa mvua, utomvu ukiwa umepanda, akachuna gome likatoka zima kama bomba, akashona mahali lilipopasuliwa kwa kamba ya gome vilevile, kisha akatia kitako na kifuniko. Hakuna katika vitu hivyo kilichomzidi maisha mjukuu wa aliyekitengeneza.

Kilichosalia kwenye njia ile ni shanga za kioo, kwa sababu kioo hakiozi, na miembe, ambayo wenyeji husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wasafiri. Hapa hoja ya wanaosifu kuoza inakutana na pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Mkeka uliooza, kamba iliyooza na kilindo kilichooza vimeondoka pamoja na kumbukumbu za watu walioshika vitu hivyo, hata historia ya njia ile ikaandikwa zaidi kutoka katika shajara za wageni kama msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, mwaka 1857, kuliko kutoka katika chochote alichoacha mpagazi. Anayesema kwamba kila kitu na kiishe bila alama anapaswa kukumbuka kuwa kwa kawaida wanyonge ndio wanaoisha bila alama.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni zito kuliko hilo. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti hufa, na misitu ya Unyamwezi imepoteza miti mingi kwa mizinga na vilindo ambavyo vyenyewe vilioza vizuri kabisa. Mwani nao, katika mashamba ya Unguja yanayohudumiwa zaidi na wanawake, hufungwa shina baada ya shina kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi, na vijikamba vinavyoufunga mara nyingi ni vya plastiki ambavyo hukatika na kuchukuliwa na maji. Tena, mikeka ile ya misafara iliyorudi udongoni bila doa ilifungia bidhaa za biashara iliyobeba pembe za ndovu na kufunga watu minyororo. Usafi wa kifungashio haujawahi kuutakasa mzigo, na mnunuzi anayetulizwa moyo na kifuko kinachooza bila kuuliza kilichomo ndani wala mkono uliokivuna anajidanganya.

Kuoza peke yake, basi, si wema. Wala kudumu peke yake si dhambi, na lugha yenyewe inatoa ushahidi wa kuchekesha kidogo: kile chombo cha plastiki kinachopangwa foleni bombani kila asubuhi kinaitwa dumu, na hata kama asili ya jina hilo si ile ya kitenzi kudumu, mwenye dumu lililomchotea maji miaka kumi hana deni kwa mtu. Kosa linaanzia pale umri wa chombo unapokosa uwiano wowote na kazi yake, pale kinapotumika robo saa kitu ambacho hakuna aliye hai atakayeushuhudia mwisho wake. Fikra ya Kiislamu, yenye mizizi mirefu Tabora tangu enzi za wafanyabiashara wa pwani, ingeliita jambo hilo israfu, yaani kutumia kupita haja, lakini inaweza kwenda mbali zaidi, kwa kuwa kubaki bila ukomo ni sifa iliyotengwa kwa Mungu, ambaye miongoni mwa majina yake ni Al-Baaqi, Mwenye kubaki. Kiswahili kimelichukua shina hilohilo kikalifanya mabaki, na ipo kejeli katika mabaki ya kifungashio cha chakula cha mchana yanayojipa sifa ya Mola. Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake walifika Tabora katika karne ya 19, limefika karibu na hapo kwa njia nyingine: waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unauhesabu utamaduni wa kutupa vitu kuwa ugonjwa uleule unaowafanya na watu watupwe.

Sheria nayo imeligusa kosa hilo kwa sehemu: katazo la Tanzania la tarehe 1 Juni 2019 liliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyoitwa rambo, likaacha vifungashio vya baadhi ya bidhaa. Na mingi ya mifuko mbadala iliyofuata, inayofanana na kitambaa, ni plastiki iliyobanwa kwa namna tofauti. Mwani unaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Asali ya Tabora ndiyo mfano mgumu, kwa sababu hunyonya unyevu, na maji yakizidi ndani yake huchacha, ilhali utando wa mwani nao hulainika ukipata maji; asali ikikingwa na unyevu hukaa miaka, hivyo inastahili chombo chenye umri mrefu, kibuyu au chupa ya kioo inayorudi kwa muuzaji ikaoshwa na kujazwa tena. Karanga za kukaanga zinazouzwa stendi katika vijifuko vyembamba, zikaliwa kabla basi halijaondoka, hazihitaji chombo cha kuishi hata wiki mbili, na hapo ndipo mwani ungepaswa kuanzia.